Arkea: walivyotolewa katika ukoo wa bakteria

Kabla ya mwaka 1977, vitabu vingi vya baiolojia viligawa uhai mafungu mawili: viumbe wenye kiini ndani ya seli, yaani mimea, wanyama na kuvu, na wale wasio nacho, ambao wote waliitwa bakteria. Mgawanyo huo ulitegemea hadubini, na kwa hadubini vijidudu wengi hufanana.

Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, hakushughulika na umbo. Kila seli ina ribosomu zinazotengeneza protini, na ndani yake mna RNA inayobadilika polepole mno, kizazi hata kizazi. Woese alikuza vijidudu kwenye fosforasi yenye mnururisho, akaikata RNA yao vipande, akavitenganisha kwa umeme hadi vikaacha madoa kwenye filamu za eksirei. Kisha alisimama mbele ya ubao wa taa akiyasoma, filamu baada ya filamu. Kazi ya kuchosha, na alidumu nayo miaka mingi.

Mwaka 1976 mwenzake Ralph Wolfe alimpatia vijidudu wanaozalisha methani, jamaa za wale waishio tumboni mwa ng'ombe. Madoa ambayo bakteria wote walikuwa nayo hayakuonekana. Novemba 1977, Woese na George Fox wakatangaza kundi la tatu la uhai. Gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Wanabaiolojia wengi waliibeza. Salvador Luria, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alimpigia simu Wolfe kumsihi ajitenge na jambo hilo.

Ujerumani ndiko walikosikilizwa. Otto Kandler wa Munich alikwishaona kwamba kuta za vijidudu hao hazina mureini, kemikali iliyomo katika kuta za bakteria. Wolfram Zillig naye akakuta kimeng'enya chao cha kutengeneza RNA kinafanana zaidi na chetu. Hata mafuta ya utando wao yameshikamana na gliseroli kwa viungo vya etha, wakati yetu na ya bakteria hutumia esta. Mwaka 1990 Woese, Kandler na Mark Wheelis walipendekeza domeni tatu, yaani makundi makuu ya uhai: Bakteria, Arkea (kundi hilo jipya) na Eukaria (viumbe wenye kiini).

Kwetu, arkea hawakosekani. Wekundu wa Ziwa Magadi nchini Kenya unatokana nao. Natronobacterium gregoryi, aliyeelezwa mwaka 1984, alipatikana humo.

Hesabu hiyo ya domeni tatu nayo imetikisika. Mwaka 2015 jenomu za arkea wa matope ya bahari kati ya Greenland na Norway zilikutwa na jeni zilizodhaniwa ni za Eukaria peke yao, na wataalamu wengi sasa wanaona kuwa sisi ni tawi lililochipuka ndani ya arkea. Mwaka 2020 watafiti wa Japani, baada ya miaka 12 ya kumkuza jamaa wa kundi hilo, walichapisha picha zake: kijidudu mwenye mikono mirefu yenye matawi, asiye na kiini.