Mashua Iliyopita Shinyanga Mabegani mwa Watu

Ukitaja habari za matanga na pepo za biashara, watu wa pwani hukutazama kama mtu aliyeingia shamba lisilo lake. Kaskazi na kusi ni mali ya Unguja, Lamu na Maskati. Shinyanga ni ng'ombe, pamba na almasi. Geita ni dhahabu, basi. Hata waandishi makini wanaopima mwendo wa majahazi ya zamani kwa msimu huishia Bagamoyo, kana kwamba pembe za ndovu ziliota mchangani.

Jahazi la Maskati liliteremka na kaskazi, Desemba hadi Machi, na kurudi kwa kusi kuanzia Aprili. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba shehena yake ilifuata kalenda nyingine, ya jembe. Mnyamwezi na Msukuma walibeba mizigo wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na mvua za Novemba zilipokaribia kila mmoja aliwaza shamba lake. Nahodha angeweza kuwa na upepo mzuri kuliko wote na bado akaondoka na ngama nusu tupu, kwa sababu huku bara watu walikuwa wanapanda mtama.

Speke alipita Nindo na Salawe Julai 1858, akafika Mwanza tarehe 3 Agosti. Habari zake tumezisoma shuleni mpaka zimetuchosha. Anayenivutia mimi ni Stanley, au tuseme mashua yake, Lady Alice. Ilijengwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, urefu futi 40, kwa vipande vitano vya kufungwa na kufunguliwa. Vipande vilipofika Unguja vikaonekana vizito mno kwa mabega, ikabidi vipunguzwe. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ukatoka Bagamoyo. Tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kageyi, ufukweni mwa Ziwa Nyanza (Viktoria), baada ya kupita Usiha, katika Shinyanga ya leo. Hebu fikiria wachunga ng'ombe wa Usiha, mbali na maji yoyote ya kuelea, wakitazama ubavu wa mashua ukipita juu ya vichwa vya watu!

Stanley anajisifu: maili 720 kwa siku 103. Hesabu hiyo ni kama kilomita 11 kwa siku, na wapo wanaoinukuu kama ndiyo kasi ya njia ya pwani hadi ziwani. Nakataa. Alitembea katikati ya mvua, wakati ambao wapagazi wenyewe hawakupenda kuwa njiani, akakutana na njaa, akapigana Ituru, akasimama kuzika watu wake. Msafara wa kiangazi ulienda kilomita 15 hadi 20 kwa siku ya mwendo. Kipimo chake ni kipimo cha msimu mbaya na cha mtu mkaidi.

Ziwani nako kosa ni lile lile. Nyanza ina msimu wake: Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki husukuma vizuri tanga linalokwenda Buganda. Lakini kila siku ina pepo zake pia. Usiku hewa ya nchi kavu hutoka kuelekea ziwani. Mchana ziwa hupuliza kuja nchi kavu. Anayetoka ufukwe wa kusini kwenda kaskazini hunufaika akiondoka gizani, na akichelewa mpaka adhuhuri hupiga bisho au hushika makasia. Na giza hilo hilo ndilo lenye radi na dhoruba za katikati ya ziwa. Ndiyo maana mitumbwi ya Kabaka haikukata maji wazi; ilifuata ufukwe wa magharibi na visiwa vyake hadi Sese, ikilala nchi kavu. Padri Lourdel na Bruda Amans walitoka Kageyi Januari 1879, wakafika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari. Mstari ulionyooka kati ya hapo na hapo hauzidi kilomita 300.

Itazame sasa Daisy, mashua ya wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), nayo iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Juni 1877 Shergold Smith na Wilson walivuka nayo, na tarehe 30 wakawa Rubaga kwa Kabaka Mutesa. Mwishoni mwa Agosti 1878, msimu ule ule wa kiangazi na upepo ule ule, Wilson na mmisionari mwenzake Mackay wakaondoka Kageyi. Dhoruba ikaitupa ufukweni upande wa magharibi. Mackay akaikata katikati, akaondoa kama futi nane za mwili wake ili apate mbao za kuziba omo na tezi. Kazi hiyo ilichukua wiki nane, na alifika kwa Mutesa mwanzoni mwa Novemba akiwa na mashua fupi. Ukigawanya umbali kwa siku unapata kama kilomita 4 kwa siku. Tarakimu hiyo inatuambia habari za misumari na msumeno. Habari za upepo haina.

Na usafiri wa tanga ulikuwa na damu yake. Songoro, mfanyabiashara Mwarabu, alikuwa akiunda jahazi Ukerewe, akagombana na Mtemi Lukonge wa huko, akakimbilia kambini kwa Shergold Smith na mmisionari mwenzake O'Neill. Desemba 1877 wote watatu wakauawa. Vitabu vya misheni vilimfanya Lukonge kuwa katili na kunyamaza. Ilhali Mackay mwenyewe alipokwenda kumsikiliza mwaka uliofuata, alimkuta mtawala mwenye malalamiko yake kuhusu Songoro. Sijaona kwa nini mtemi asidai haki yake kwa mtu anayejenga chombo nchini mwake.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mwaka 1889 Stokes, mfanyabiashara aliyekuwa na ngome yake Usongo, alimrudisha Kabaka Mwanga kaskazini kwa mashua yake. Reli ya Uganda ilifika ziwani 1901, meli za mvuke zikashika kazi, na njia ya Usukuma ikabaki ya ng'ombe hadi reli ilipofika Mwanza 1928. Dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui mwaka 1940, mkoa wa Geita mwaka 2012, daraja la Kigongo–Busisi mwaka 2025: sasa gari huvuka ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, msimu wowote, saa yoyote, na dereva hana haja ya kujua upepo unatoka wapi.