Metali Zisizo na Sultani

Tangu zama ambazo wahunzi walitambua kuwa shaba ikitiwa bati kidogo huzidi ugumu, ada ya kuchanganya metali ilikuwa moja: metali moja hufanywa sultani, na nyingine, mithili ya chumvi katika mchuzi, hutiwa kwa kiasi tu.

Ada hiyo ilivunjwa mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, ambako Brian Cantor na mwanafunzi wake Alain Vincent waliyeyusha elementi 20 pamoja, kila moja sehemu 5 katika 100. Donge lililotoka lilikuwa rahisi kuvunjika kama kigae. Lakini walipolichungua waliona kuwa kromi, manganizi, chuma, kobalti na nikeli zimesikilizana ndani yake, nao wakaziyeyusha tano hizo peke yake kwa kadiri sawa, zikawa mwili mmoja. Habari hiyo haikuchapishwa jaridani ila mwaka 2004, baada ya miaka 23, umri wa kijana kuoa! Mwaka huo huo Jien-Wei Yeh wa Taiwan, aliyeifikia fikira hiyo kwa njia yake, alizipa metali mseto za namna hiyo jina la aloi za entropia ya juu. Kwani entropia ni kipimo cha wingi wa namna ambazo vitu vyaweza kupangika, na metali zikiwa nyingi na sawa, namna hizo huongezeka.

Ilibaki kuzipata katika chembe ndogo mno. Mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, Yonggang Yao, Liangbing Hu na wenzao walilowesha nyuzi za kaboni kwa chumvi za metali, hata nane, wakapitisha umeme kwa milisekunde 55, joto likapanda hadi nyuzi 1,700 hivi za sentigredi, kisha wakaukata. Metali zilipoa kabla ya kupata wasaa wa kutengana, muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Chembe za kwanza zilijaribiwa kama vichocheo, yaani viharakishi vya mabadiliko ya kikemia, katika kuunganisha amonia na oksijeni. Faida ya aloi hizo katika seli za haidrojeni, zinazotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, ilielezwa mwaka 2019 na wataalamu wa Copenhagen. Kila atomi ya juu ya chembe ina majirani tofauti na wa mwenzake, basi miongoni mwa mahali pengi hapakosi panapoishika oksijeni kama mpagazi mwema, asiyekataa mzigo wala kung'ang'ania kutoutua.

Hata hivyo, magari ya haidrojeni yaliyomo njiani leo yangali yakitumia platini, metali ile ile aliyoitumia mwanasayansi William Grove katika betri yake ya gesi, mama wa seli hizo.