Superman Peke Yake Hatoboi: HeroClix Ilivyowaweka Mashujaa Mzani Mmoja

Kwenye muvi hakuna ubishi. Superman anapaa na risasi hazimwingii, Batman ni binadamu mwenye hela na gari kali. Sasa waweke mezani wachuane, halafu mchezo uwe wa haki kwa pande zote mbili. Hapo ndipo kimbembe kilipoanza.

Mwaka 2000, kampuni ya Marekani iitwayo WizKids ilitoa Mage Knight, mchezo wa visanamu vya wapiganaji na viumbe wa hadithi. Ujanja wote ulikuwa kwenye kitako. Ndani yake kuna kisahani cha kuzungusha chenye namba za mwendo, shambulio, ulinzi na madhara. Kisanamu kikipigwa, unazungusha, kinalia "klik", namba mpya zinatokea, mara nyingi dhaifu zaidi. Hakuna kalamu wala daftari. Mwaka 2002 kitako hicho kikapewa mashujaa wa Marvel, na kabla mwaka haujaisha wa DC nao wakaingia. HeroClix ikazaliwa.

Mzani wa kwanza ulikuwa pointi. Wachezaji wanakubaliana kiwango, tuseme 300, na kila mtu anapanga timu isiyozidi hapo. Staa mkubwa anakula pointi nyingi, mdogo anakula kidogo. Hii haikuwa hesabu ya kujifurahisha tu. Visanamu vingi viliuzwa kwenye maboksi yaliyofungwa, hujui umepata nani mpaka ufungue. Mwenye hela alibeba maboksi rundo na kuondoka na wakali wote. Bila pointi, mechi ingekuwa inaishia dukani.

Ila pointi peke yake hazikutosha, na siri ilikuwa kwenye zamu. Sheria za mwanzo zilitoa tendo moja kwa kila pointi 100, yaani timu ya 300 ina matendo matatu kwa zamu. Halafu shujaa akitenda zamu mbili mfululizo anaumia klik moja kwa uchovu, na zamu inayofuata lazima apumzike. Sasa piga picha mtu kamaliza pointi zote kwa jitu moja. Matendo anayo, ila wa kuyatumia ni mmoja, tena anachoka. Mwenzake mwenye mashujaa sita anatuma watatu, watatu wanapumzika, zamu ijayo wanabadilishana. Ni kama kocha mwenye benchi zito.

Basi kwa nini usijaze vidagaa 15? Kwa sababu wakali wengi wana kinga inayopunguza kila pigo kwa 2. Kidagaa mwenye pigo la 2 anagonga ukuta tu.

Hapo ndipo wachezaji wajanja walipowagundua wasaidizi wa bei chee. Kuna mwenye uwezo wa kufuta nguvu moja ya adui, na kinga ya jitu ikifutwa, hata kidagaa anauma. Mwingine anaongeza namba moja tu. Inaonekana ndogo, lakini shambulio ni dadu mbili ukijumlisha na namba yako, na jumla lazima ifikie ulinzi wa adui. Mwenye shambulio 10 akimvaa mwenye ulinzi 18 anahitaji 8, nafasi yake ni kama asilimia 42. Akiongezewa moja anahitaji 7, nafasi inapanda hadi asilimia 58. Noma!

Ndiyo maana timu zilizoogopwa hazikuwa za mastaa watupu. Zilikuwa na mpigaji mmoja au wawili, mtu wa kuwasogeza wenzake fasta, na msaidizi aliyejificha nyuma ya ukuta asiyerusha hata ngumi moja.

Mwaka 2008 mwenye kampuni wa wakati huo aliifunga WizKids, na wengi wakadhani habari imeisha. Mwaka 2009 ikanunuliwa na NECA na mchezo ukarudi. Seti mpya zilikuja na nguvu mpya, na mzani ukayumba tena. Dawa ikawa kustaafisha seti za zamani kwenye mashindano, huku meza za nyumbani zikiwapokea wote.

Mpaka leo mgeni akifungua boksi lake la kwanza anamtafuta staa. Mkongwe anaangalia kwanza nani wa kumbeba huyo staa. Timu yako ingeanza na nani?