Kubadilisha breki za nyuma za pikapu: mambo ya kujua kabla ya kufungua dramu

Pikapu kama Toyota Hilux, zinazobeba mahindi, maharage na watu kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kwa kawaida zina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Gari likiwa tupu, breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo unaweza kuendesha kwa miezi kadhaa bila kujua kwamba za nyuma zimekwisha. Unakuja kujua siku umepakia magunia, uko kwenye mteremko, na gari halisimami pale ulipozoea. Hendibreki pia inategemea dramu hizo za nyuma, kwa hiyo gari lisilokaa tayari likiegeshwa mlimani linakupa taarifa.

Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani ukiwa na vifaa na msaidizi mmoja. Kama hujawahi kufungua breki hata mara moja, mara ya kwanza mwite fundi akusimamie.

Majina ya vipuri yanatofautiana. Ndani ya dramu kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo: hivi ni viatu vya breki, madukani huitwa breki shuu. Kitambaa kigumu kilichobandikwa au kugongwa riveti juu yake ni lainingi. Fundi aliyejifunzia kazi Goma au Bukavu atasema tambour kwa dramu na mâchoires kwa viatu. Ni vitu vilevile. Ukienda dukani, beba kiatu cha zamani ukilinganishe na kipya kwa upana na kwa matundu ya springi, maana Hilux za miaka tofauti hazitumii kipimo kimoja. Nunua viatu vya magurudumu yote mawili. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavutwa upande mmoja unapofunga breki.

Chagua sehemu tambarare na ngumu, si kwenye mchanga. Weka mawe makubwa au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha ndipo uachie hendibreki, kwa sababu dramu haitoki hendibreki ikiwa imevutwa. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua gari. Ukishainua kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya udongo hupasuka ghafla. Wafukuze watoto eneo hilo, hata kama wamezoea kukaa na wewe unapofanya kazi.

Jambo jingine ni vumbi. Baadhi ya lainingi, hasa za zamani na zile zisizo na alama, zina asbestosi, madini ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Usipulize vumbi la dramu kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kisha funga kitambaa hicho kwenye mfuko ukitupe.

Dramu ikikataa kutoka, usiipige nyundo kwa hasira ukaipasua. Dramu za Toyota huwa na matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, zitaisukuma nje. Ikiwa bado imeng'ang'ania, toa kiziba cha mpira nyuma ya sahani ya breki na urudishe nyuma gurudumu la meno la ajasta kwa bisibisi bapa, ili viatu viachane na dramu.

Sasa usifungue kitu kingine. Angalia kwanza, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa zao: wanaweka viatu vipya na baada ya wiki mbili breki zimerudi kuwa mbovu. Viatu huisha kwa kutumika, lakini pia huharibiwa na mafuta. Funua pembe ya mpira wa silinda ya gurudumu iliyo juu. Ukikuta majimaji mepesi, silinda inavuja mafuta ya breki, lazima ibadilishwe. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu kali, hayo yanatoka kwenye difu kupitia sili ya ekseli. Hapo tengeneza sili kwanza na uhakikishe tundu la kupumulia la difu halijazibwa na tope. Lainingi iliyolowa mafuta haiponi kwa kuoshwa na petroli wala kwa kupigwa msasa. Itupe, hata kama bado ni nene.

Lainingi kavu iliyobaki na unene wa milimita 2 au pungufu, ibadilishe. Kagua na dramu yenyewe: kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kwa kawaida kimechongwa juu yake. Ikiwa imeliwa kupita hapo au ina ufa, viatu vipya havitasaidia.

Piga picha ya springi zote kwa simu, na fungua upande mmoja kwa wakati mmoja ili upande wa pili ubaki kuwa kielelezo chako. Vaa miwani au kinga yoyote ya macho, maana springi hizi huruka. Zinazoshikilia kiatu kwenye sahani hutoka kwa kukandamiza kikombe chake na kukizungusha robo mzunguko. Mtu yeyote asikanyage pedeli wakati dramu iko nje, la sivyo pistoni za silinda zitatoka. Safisha ajasta na uipake grisi kidogo kwenye nyuzi. Usichanganye ajasta ya kushoto na ya kulia: nyuzi zake zinakwenda pande tofauti, na ukizibadilisha zitalegeza breki badala ya kuzikaza. Paka grisi nyembamba ya kuhimili joto pale tu ambapo kiatu kinasugua sahani. Ikigusa lainingi, umeanza upya.

Hamisha wenzo wa hendibreki kutoka kiatu cha zamani kwenda kipya, rudisha springi kwa kufuata picha, kisha vaa dramu. Zungusha ajasta mpaka usikie lainingi ikigusa dramu, halafu irudishe kidogo ili gurudumu lizunguke kwa mkwaruzo mdogo tu.

Kama ulifungua silinda au paipu, lazima utoe hewa. Jaza tangi la mafuta ya breki. Msaidizi akanyage pedeli mara kadhaa na kuishikilia chini, wewe ufungue nati ya kutolea hewa, uifunge, ndipo yeye aachie. Rudia mpaka yatoke mafuta bila mapovu, na tangi lisikauke katikati ya kazi. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3, kutoka chupa mpya, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa na yakiwa na maji huchemka mapema. Usiweke kamwe mafuta ya injini au ya kupikia: huharibu mipira ya mfumo mzima. Na ile mbinu ya kuziba paipu ya gurudumu linalovuja ili gari litembee, ikatae hata kama dereva anasema ni ya siku moja.

Mengi ya magari haya yameongezewa vyuma vya springi nyuma ili yabebe zaidi. Hilux nyingi zina fimbo inayotoka kwenye ekseli hadi valvu iliyo kwenye chesisi, ambayo hupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma gari linapobonyea kwa mzigo. Springi zikiongezwa, gari halibonyei, na valvu inadhani halijabeba kitu. Breki mpya zikionekana dhaifu gari likiwa limejaa, mwombe fundi arekebishe valvu hiyo.

Kabla ya kuondoka, kanyaga pedeli mara nyingi mpaka iwe ngumu. Jaribu kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali pasipo na watu, kisha kwa kilomita 30 kwa saa. Pedeli ikiwa laini au ikizama, gari lisitoke nyumbani. Siku za kwanza usipakie mzigo mzito, na baada ya kilomita 100 hivi kaza tena nati za magurudumu.

Mafuta ya breki yaliyotoka ni sumu. Yaweke kwenye kopo lenye mfuniko na uliandike, mbali na visima na bustani, na usitumie chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuidhania kinywaji.