Mzinga Mtupu Juu ya Mti: Tarihi ya Wafuga Nyuki wa Unyamwezi

Zamani za misafara, mtu aliyetoka pwani kwenda Tabora alipoingia katika mapori ya miyombo ya Unyamwezi aliona juu ya matawi magogo yaliyotobolewa, na magome ya miti yaliyofungwa mviringo, mengine yamelazwa katika panda za miti na mengine yamening'inizwa kwa kamba. Na kama alikuwa mgeni wa nchi ile hakukosa kuuliza ni vitu gani hivyo na ni vya nani. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857 pamoja na John Speke, ni mmoja wa wageni walioandika habari za mizinga ile. Walakini lililo muhimu kuliko yote halikuweza kuonekana na mpita njia, nalo ni kwamba mingi katika mizinga ile ilikuwa mitupu, na kwamba mwenyewe hakuwa na nia ya kutia nyuki ndani yake kwa mkono wake. Aliitundika akaenda zake kulima, kwa kuwa alijua kwa yakini kwamba majira yakiwadia nyuki watapita wakitafuta makao, na wakiona mahali pakavu penye giza na harufu ya nta wataingia wenyewe.

Kazi nzima ya ufugaji wa nyuki katika nchi hiyo ilisimama juu ya tabia moja ya nyuki, yaani kutoka na kuhama, ambayo vitabu vingi anavyosomeshwa mwanagenzi wa leo huihesabu kuwa ni maradhi ya kuzuiwa. Rai yangu ni kwamba anayeanza kazi hii katika nchi zetu apaswa kuijua kwanza tarihi hiyo, kabla ya kununua sanduku lake la kwanza, maana asipoijua atapigana na nyuki wake katika jambo ambalo babu zake walilifanya kuwa mtaji.

Ama kutoka kwa bumba la nyuki, sababu yake ya asili ni uzazi. Maua yanapokuwa mengi, asali ikajaa katika masega na majana, yaani nyuki wachanga, yakaongezeka hata nyumba ikawa haina nafasi, nyuki hujenga vyumba vya malkia, navyo ni rahisi kuvitambua, kwa kuwa huning'inia katika pambizo za sega kwa sura ya karanga isiyomenywa. Vyumba hivyo vinapokaribia kuzibwa, au mara vizibwapo, malkia wa zamani hutoka na sehemu kubwa ya nyuki, akawaacha waliobaki wamngoje malkia mpya, ambaye tangu kutagwa yai lake hadi kutoka kwake ni kama siku 16. Kabla ya kuondoka nyuki hao hujaza matumbo yao asali ya safari, na ndiyo sababu bumba lililotulia juu ya tawi aghalabu huwa pole, hata mtu huweza kulikaribia kwa namna ambayo asingethubutu kuukaribia mzinga wenye masega. Pale juu ya tawi hukaa saa kadha, pengine siku, huku wapelelezi wao wakiruka kwenda kukagua matundu ya miti na mapango, kisha wakirudi na kucheza juu ya migongo ya wenzao ngoma yenye kuonyesha upande na umbali wa makao waliyoyaona. Mtaalamu Mjerumani Martin Lindauer ndiye aliyelibainisha jambo hilo baada ya vita vya pili vya dunia, akaonyesha ya kuwa nyuki hawaondoki mpaka wapelelezi wameafikiana juu ya mahali pamoja. Wasomaji wa Kurani wajua ya kuwa katika Sura ya An-Nahl yametajwa makao matatu ya nyuki, nayo ni milima, miti, na yale yanayojengwa na wanadamu. Na mzinga wa Mnyamwezi umekusanya mawili ya mwisho, kwa kuwa ni nyumba iliyojengwa na binadamu na kuwekwa mtini.

Ama chuki ya vitabu vile kwa bumba si ya kale, wala si kweli kwamba watu wa Ulaya walilichukia bumba tangu zamani. Sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian katika karne ya 6 zilimhifadhia mtu haki yake juu ya bumba lililotoka katika mzinga wake, maadamu analiona na kulifuata si taabu. Likimpotea machoni, lilikuwa la atakayelikamata kwanza. Hata katika karne ya 18, mkulima aliyeweka nyuki katika vikapu vya nyasi alilingojea bumba kwa furaha, kwa kuwa ndilo lililojaza kikapu cha pili. Mwaka 1770 Maria Theresa, mtawala wa Austria, alimweka huko Vienna mwalimu wa ufugaji wa nyuki, naye ni Anton Janša, mtu wa Slovenia aliyekwenda huko kusomea uchoraji. Na kitabu alichokitoa mwaka 1771 kilihusu jambo hilo hilo la mabumba. François Huber wa Geneva, aliyekuwa kipofu na kutazama nyuki kwa macho ya mtumishi wake, alithibitisha mwaka 1792 kwamba bumba la kwanza huongozwa na malkia wa zamani. Mambo yalibadilika mwaka 1851, Lorenzo Langstroth wa Marekani alipotambua kwamba ukiacha upenyo usiofika sentimita moja baina ya fremu na ukuta wa sanduku, nyuki hawaujazi nta wala gundi, na kwa hiyo kila sega huweza kuinuliwa, kutazamwa na kurudishwa. Tangu hapo mfugaji aliweza kuona vyumba vya malkia na kuvikata. Asali ikawa ni ya kuvunwa mwaka baada ya mwaka katika sanduku lile lile, na bumba lililoondoka likawa ni nguvukazi iliyopotea. Vitabu vya leo ni wana wa sanduku hilo.

Turudi Unyamwezi, maana huko ndiko kwenye maarifa yasiyoandikwa vya kutosha. Mzinga wa gome ulipatikana kwa kukata duara mbili kuzunguka shina la mti, kisha kupasua gome kwa urefu na kulibandua zima zima, na kulishona tena kwa vijiti na kuziba ncha zake. Nao ulikuwa mwepesi na wa haraka, lakini hudumu miaka michache tu, na mti uliobanduliwa hufa. Sina budi kusema kwamba huo ulikuwa upungufu wa kazi hii, kwani mti uliouawa huenda ulikuwa ni wenye maua ya kuwalisha nyuki hao hao. Mzinga wa gogo ulitaka jasho zaidi, kwa kuwa fundi alipasua kipande cha mninga au mti mwingine mgumu vipande viwili, akavikomba ndani kwa tezo mpaka vikawa vyembamba, akavifunga pamoja tena na kuacha tundu dogo la kupitia nyuki. Mzinga kama huo huweza kuishi umri mrefu, hata mwana akaurithi kwa baba yake. Kila mtu alikuwa na alama yake, aliyoichonga au kuichoma juu ya mzinga, na kuuvunja mzinga wenye alama ya mtu mwingine kulihesabiwa kuwa ni aibu kubwa, ijapokuwa mzinga wenyewe ulikuwa mwendo wa siku nzima kutoka kijiji cho chote, bila mlinzi.

Kuutundika juu nako kulikuwa na hekima yake. Nyegere, mnyama asiyejali miiba ya nyuki, huvunja mzinga ulio chini kwa usiku mmoja. Moto wa porini hupita chini kila kiangazi. Na siafu wakipata njia huangamiza majana yote. Ndani ya mzinga mpya mwenyewe alipaka nta ya zamani, au aliufukiza kwa majani na maganda yenye harufu njema, kwa kuwa wapelelezi wa bumba huvutwa na harufu ya mahali palipokwisha kukaliwa na nyuki. Kadhalika alijua kupima wakati. Mitundu na miyombo mingine hutoa maua kabla ya masika kuanza, na mingine mvua zinapokaribia kwisha, na mabumba huifuata kalenda hiyo. Basi mzinga uliopandishwa baada ya maua kupita ulikaa mtupu hadi majira mengine. Hakusikitika mno kwa mizinga mitupu, kwa kuwa alitundika mingi, wengine makumi na wengine mamia, akitegemea kwamba sehemu yake itakaliwa.

Bumba lililotua karibu na nyumba lilichukuliwa kwa mkono, na namna ya kulichukua haijabadilika. Kikapu au sanduku huwekwa chini ya tawi, tawi likatikiswa kwa nguvu mara moja, na nyuki wakaanguka kama fungu. Hapo ndipo mwanagenzi apaswa kuacha papara na kutazama mlangoni. Akiona nyuki kadha wamesimama kwenye kizingiti, vichwa vyao vimeelekea ndani, mikia imeinuliwa juu na mabawa yanapepea pasipo kuruka, basi malkia yumo, kwa kuwa hao wanapeperusha harufu ya kuwaita wenzao, na wale walio angani watateremka wakiingia kwa miguu. Asipowaona, na nyuki wakaanza kurudi tawini, malkia amebaki juu, na kazi ni ya kuanza upya. Jioni ikishaingia ndipo huchukuliwa mpaka mahali pao pa kudumu.

Asali ya zamani ilikuwa chakula, dawa na pombe, na nta mara nyingi haikuwa na soko la karibu. Biashara ya kupeleka nta ng'ambo ilipokua katika zama za Wajerumani, kisha za Waingereza, watu wa Unyamwezi walichemsha masega yao, wakayachuja kwa gunia na kuyagandisha, na Tanganyika ikawa moja ya nchi zilizojulikana duniani kwa nta. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa mapori ya magharibi na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Watu walihama, ila mizinga haikuhama, na wafugaji wakawa wanafunga safari za majuma kurudi katika mapori ya zamani, wakijenga vibanda na kurina, kisha wakirejea na mizigo yao.

Tangu mwaka 1949 alikuwako Tanganyika ofisa wa nyuki, F. G. Smith, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya ufugaji wa nyuki katika nchi za joto. Huyu alistahili shukrani kwa kuwa aliusoma mzinga wa gogo kabla ya kuulaumu. Kosa kubwa la urinaji halikuwa katika mzinga bali katika mkono wa mrinaji, aliyekata masega yote, ya asali na ya majana, chini ya mwenge wa moto, hata nyuki wasiokufa wakakimbia. Ilhali nyuki wa mzinga mrefu huweka majana karibu na tundu lao na asali upande wa nyuma, na anayefungua kwa nyuma, kwa moshi wa kiasi, huweza kuchukua asali akayaacha majana salama. Baada ya uhuru wafugaji wa Tabora walijiunga katika ushirika wao, chuo cha ufugaji nyuki kikasimama huko huko Tabora, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Ufugaji Nyuki.

Shida ya mwanagenzi wa siku hizi ni kwamba hupewa sanduku la Langstroth au la viunzi vya juu pamoja na mafundisho ya nchi za baridi, naye hukagua, hukata vyumba vya malkia, hupanua nafasi, akadhani amewafunga nyuki wake. Kisha asubuhi moja akakuta sanduku halina nyuki hata mmoja. Hao hawakugawanyika, wamehama. Nyuki wetu hufanya mambo mawili, wala si moja: hugawanyika wakati wa neema, na huhama wote na malkia wao wakati wa dhiki, ikiwa ni njaa, ukame, jua kali juu ya mzinga, siafu, moto, au kusumbuliwa mno na mwenye mzinga. Bumba la neema huacha nyuma majana na vyumba vya malkia, na linalohama kwa dhiki aghalabu huacha masega yasiyo na asali wala majana. La kwanza huzuiwa kwa nafasi, la pili kwa kivuli, maji, akiba ya asali na utulivu. Wazee wa Unyamwezi hawakuwa na sanduku la kukagua, lakini walizijua hali hizo mbili, wakawa na mizinga mitupu ya kupokea zote mbili.

Tabia hizo mbili zilivuka bahari pia. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili aboreshe nyuki wa kwao waliotoka Ulaya, ambao hawakuzoea joto. Mwaka 1957, katika jimbo la São Paulo, mabumba 26 yalitoroka pamoja na malkia wao wa Kiafrika. Nyuki hao hawakuacha tabia yao ya kugawanyika mara nyingi na kuhama mbali; wakaenea Amerika ya Kusini, wakapita Panama na Meksiko, na mwezi wa Oktoba 1990 wakawa wamefika Texas. Watu wa Brazil waliumia sana katika miaka ya kwanza, na wengi wakaacha kazi. Waliobaki walijifunza kuzijua njia za nyuki hao, na leo mfugaji wa huko anapoanza aghalabu hanunui nyuki. Hutengeneza masanduku mepesi, huyapaka nta na mchaichai ndani, huyaweka juu ya miti kabla ya majira ya maua, kisha hungoja.