Mtunzaji na Toleo Lake

Mtunzi ni aliyetunga: g ya kutunga imegeuka z, kama kujenga kunavyozaa mjenzi. Mtunzaji ni anayetunza. Mizizi ni miwili tofauti, lakini anayesoma haraka huyaona maneno haya kuwa ndugu. Katika ulimwengu wa programu huria kuyachanganya ni kosa zito, kwa kuwa aliyeandika programu huenda alishaiacha zamani, na anayepokea malalamiko ya hitilafu, anayekubali au kukataa marekebisho ya watu na kuamua lini toleo jipya litoke ni mtu mwingine kabisa. Huyo ndiye anayeitwa "maintainer" kwa Kiingereza, nami namwita mtunzaji.

Wapo wanaopendelea msimamizi. Sawa, ila msimamizi wa mtihani hajibu mtihani, ilhali mtunzaji hukesha na msimbo mwenyewe. Mlezi naye tumeshamtwaa kwa vyama vyetu. Huyo tunamtegemea siku ya harambee.

Kazi ya mtunzaji imeelezwa kwa urefu katika mwongozo wa GNU, mradi wa programu huria uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mambo mengine humo ni ya kiofisi tu. Kwa mfano, pale ambapo hakimiliki ya programu iko mikononi mwa Free Software Foundation, mchango unaozidi mistari 15 hivi haupokelewi mpaka mchangiaji asaini karatasi za kukabidhi haki. Mengine ni ya desturi: ukikaribia kutoa 4.6 na unataka watu waijaribu kwanza, nakala ya majaribio iite 4.5.90, inayofuata 4.5.91.

Uzito uko kwenye neno toleo. Magazeti yana toleo la Jumapili, vitabu vina toleo la pili, na hatujawahi kupata shida. Kwenye programu neno hilohilo hubeba mambo matatu: namba, tendo la kutoa, na kifurushi kinachotolewa. (Kifurushi nacho kina balaa lake, mwambie kijana wa Dar es Salaam kuhusu kifurushi, atauliza ni cha GB ngapi.) Msimbo huishi katika hazina, unakobadilishwa kila siku mbele ya macho ya watu. Kifurushi hutengenezwa kutoka humo: amri moja hukusanya mafaili, huongeza hati za kusanidi zinazozalishwa na mashine, kisha huyafunga yote pamoja. Kwa hiyo kifurushi si nakala kamili ya hazina. Kina mafaili ambayo hazina haina, na mafaili hayo ni nadra mtu kuyasoma.

Mwanya huo ulitumiwa mwaka 2024. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo haimo katika mradi wa GNU lakini imo katika mifumo mingi ya Linux, ilitoa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yenye mlango wa siri. Sehemu ya sumu ilifichwa katika mafaili ya majaribio ndani ya hazina. Hati ya kuiamsha iliwekwa kwenye kifurushi peke yake. Aliyekagua hazina hakuiona. Mwezi Machi mhandisi Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaufikia mzizi.

Je, saini ya kidijiti haikusaidia? Mwongozo wa GNU unadai kila kifurushi kisainiwe, na mradi huo unaijua sababu: mwaka 2003 seva yake ya kusambazia programu iligundulika kuwa ilivamiwa miezi kadhaa kabla, ikabidi mafaili yahakikiwe upya. Saini humzuia mvamizi wa nje. Lakini vifurushi vibovu vya xz vilikuwa na saini halali, kwa sababu aliyevisaini alikuwa mtunzaji mwenza, aliyejiita Jia Tan. Alichangia kwa miaka, akaaminiwa na mtunzaji wa awali aliyekuwa amelemewa na kazi, huku akaunti zisizojulikana vizuri zikimshinikiza mzee huyo wa programu aongeze msaidizi.

Hapo ndipo kipengele cha mwongozo kinachoonekana cha urasimu kinapopata maana. Mtunzaji wa GNU huteuliwa na mradi. Akichoka, anatakiwa autaarifu mradi; anaweza kupendekeza mtu, ila uteuzi si wake. Wengine huona ni ukiritimba, na kweli unachelewesha mambo. Mimi naona ni sawa na chama kutomruhusu mtunza hazina ampe shemeji yake funguo za sanduku kwa kuwa yeye anasafiri.

Kwa sababu hiyo, katika orodha ya istilahi ningetenganisha maneno mawili: mtunzaji mwenza, anayeruhusiwa kubadilisha msimbo, na mtoa toleo, anayeruhusiwa kupeleka kifurushi kwa umma. GNU imeshawatenganisha kiutendaji: ruhusa ya kuandika katika hazina haimpi mtu ruhusa ya kupakia vifurushi kwenye seva ya kusambazia, mpaka ufunguo wake wa saini usajiliwe kwa ajili ya programu hiyo.