Mtu Hupita, Gari Huvushwa

Kwetu Koboko mtu anaweza kuamka Uganda, akazika shemeji yake upande wa Kongo kabla ya adhuhuri, na jioni akamsalimia shangazi yake Sudan Kusini, asiulizwe neno zaidi ya habari za msiba. Sasa mpe mtu huyohuyo gari. Ataulizwa kadi ya gari, namba ya chasisi, namba ya injini, bima, leseni, nani kamtuma na lini atarudi. Miaka yangu ya uwakala wa forodha, kwanza Koboko na baadaye Arua, imenionyesha kwamba mipaka yetu haikuota meno kwa ajili ya miguu. Iliyaota kwa ajili ya magurudumu. Wageni wanaokuja na magari-nyumba yao, kitanda nyuma na jiko pembeni, hunijia wakitaka orodha ya karatasi. Orodha nawapa. Lakini ukinipa nafasi ya kusema, nitaanzia mbali zaidi, kwa sababu kila karatasi katika orodha ile ina kisa chake hapahapa West Nile.

Mpaka wenyewe si wa zamani. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji nchi hii, ikaitwa Lado, na sharti lilikuwa kwamba aishike maadamu yu hai. Akafa Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikaingia mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda. Hapo ndipo Waingereza walipojenga boma lao Arua. Kwa hiyo mzee wa Kikakwa aliyezaliwa miaka ya 1890 alitawaliwa na Wabelgiji, na Sudan, kisha na Uganda, wala hakuhamisha hata jiwe la jikoni. Mwaka 1913 Kapteni Kelly upande wa Sudan na Kapteni Tufnell upande wa Uganda walitembea kutafuta mahali pa kupitisha mstari. Upande wa magharibi, mkataba wa Waingereza na Wabelgiji wa 1915 uliufuata mgongo wa ardhi unaotenganisha maji ya Nile na ya Kongo. Mvua ikinyesha pale Vurra, geti letu la kuingia Kongo, tone moja litaelekea Misri na jirani yake Bahari ya Atlantiki. Mstari ule ulifuata maji, watu wakaachwa walipo: Walugbara wakawa wa nchi mbili, Wakakwa wa nchi tatu, na pale Salia Musala, nje kidogo ya Koboko, nchi zote tatu zikagusana.

Mgeni mmoja mashuhuri aliyeingia huku na nyumba yake alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani mwaka uliotangulia. Januari 1910 alishuka kwa mashua kutoka Ziwa Albert akapiga kambi upande wa Lado kuwinda vifaru weupe, mahali ambapo hadi leo panaitwa Rhino Camp. Alikuwa na mahema, bunduki, chumvi ya kuhifadhia ngozi, na maktaba nzima ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Huyo alisafiri na nyumba kamili, ila iligawanywa vichwani mwa wapagazi. Leopold alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, Wabelgiji walikuwa wakihesabu siku za kuondoka, na wawindaji haramu wa pembe za ndovu kama John Boyes walikuwa wamekwisha kuizoea Lado kama shamba lao. Roosevelt aliingia kwa ridhaa ya wenyeji wake Wabelgiji. Hakudaiwa namba ya chasisi, maana mpagazi hana chasisi.

Baadaye, kati ya vita viwili vikuu, mtalii kutoka Cairo alifika Juba kwa meli, akapanda gari hadi Nimule ili kukwepa maporomoko, kisha akashika meli nyingine juu ya Nile ya Albert kupitia Rhino Camp na Pakwach hadi Butiaba. Safari ilikuwa ya maji, na gari lilikuwa la kuunganisha tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilifurika na bandari ya Butiaba ikafa. Reli ikafika Pakwach mwaka 1964, na kabla muongo haujaisha daraja likavuka mto. Tangu hapo West Nile ikawa nchi ya malori.

Jambo moja wasafiri husahau: enzi hizo forodha ya Uganda, Kenya na Tanganyika ilikuwa moja. Bidhaa iliyolipiwa ushuru Mombasa ilifika Arua ikiwa huru. Maana yake Vurra haikuwa tu mwisho wa Uganda. Ilikuwa ukingo wa nje wa soko zima la Afrika Mashariki, na karani wa pale alikuwa analinda mlango wa Mombasa ingawa bahari hakuwahi kuiona. Magari yetu yalipotoka nje yalibeba herufi EAU nyuma, Afrika Mashariki Uganda, kama ya Kenya yalivyobeba EAK. Jumuiya ile ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ikafufuka baadaye, Sudan Kusini ikaingia mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, hivyo kwa karatasi Vurra, na Oraba iliyo geti letu la Sudan Kusini, si ukingo tena, ni milango ya ndani. Mwenye gari asiende na karatasi hiyo kichwani. Geti lipo, mnyororo upo, na daftari liko mezani.

Magari yalianza kushukiwa kwa dhati miaka ya 1960. Kongo ilipopata uhuru Juni 1960 na jeshi lake likaasi, Wabelgiji wengi waliingia Uganda na magari yao, wakiwa wamepakia walichoweza. Miaka minne baadaye waasi wa Simba walikuwa wakipigana upande wa pili wa mpaka wetu, na serikali ya Uganda chini ya Obote ikawasaidia. Malori yakaenda na silaha. Yaliyorudi yakasemwa yana dhahabu na pembe. Februari 1965 ndege za Kongo zilipiga mabomu Paidha na Goli, huku kwetu. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alilifikisha suala la dhahabu bungeni Kampala, akimtaja Kanali Idi Amin, mtu wa Koboko, na serikali ikatikisika. Tangu wakati huo lori linalotoka Kongo limebeba tuhuma hata likiwa tupu.

Halafu 1979. Majeshi ya Tanzania yaliyomng'oa Amin madarakani yalifika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni, na vita vikaishia huku kwetu. Askari wa Amin waliokuwa wakirudi nyuma walikuwa wamepita na magari ya jeshi, ya serikali na ya watu, yakavuka kuingia Zaire, yaani Kongo ya enzi hizo, na Sudan. Mwaka uliofuata, mapigano yaliporudi West Nile, raia kwa maelfu wakafuata njia hizohizo, wengi kwa miguu. Kwa miaka kadhaa upande wa pili kulikuwa na magari yasiyo na kadi, au yenye kadi ya gari jingine. Naamini, na wazee wenzangu wa forodha wanakubali, kwamba hapo ndipo ilipozaliwa tabia ya afisa wa mpakani kuinama chini ya gari na tochi kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma kabla hajafungua karatasi yoyote. Ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye gari-nyumba unatoka hapo. Ijue namba yako ya chasisi iko wapi. Isugue tope na kutu isomeke. Kama gari lilikuwa lori la jeshi au la zimamoto likageuzwa nyumba, hakikisha kadi inasema rangi, injini na umbo lililopo leo, si la kiwandani.

Ushauri wa pili unatoka kwenye mafuta. Arua ilikuwa na vijana walioitwa Opec Boys, wakiuza petroli kwa madumu kando ya barabara. Mafuta yale yalipita Uganda kama mali ya safari kwenda Kongo, hayakulipiwa kodi ya Uganda, kisha yakarudi usiku kwa njia za panya. Vijana wale walikuwa na viongozi wao na nguvu ya kuufunga mji wakichokozwa. Mwanasiasa mwenye akili hakugombana nao. Ndiyo maana afisa wetu akiona gari la mgeni lina tangi la pili chini ya sakafu na madumu matatu yamefungwa mlangoni, haoni mtu anayeogopa kukaukiwa njiani. Anaona Arua ya miaka ile. Lionyeshe tangi mwenyewe kabla hajaliona.

Mkataba wa amani wa Sudan wa 2005 uliifanya Koboko mji mwingine. Mwaka huohuo tukawa wilaya, tukajitenga na Arua. Kila aliyekuwa na lori alitaka kufika Juba, na njia ya Oraba, Kaya, Yei ikawa inanguruma usiku na mchana: saruji, bia, mabati, magodoro, maji ya chupa. Vibanda vya mawakala viliota kama uyoga, changu kimojawapo, nami sisemi uongo, tulikula vizuri. Kisha mwaka 2012 barabara ya lami ya Nimule hadi Juba ikakamilika, kilomita 192, na malori yakatuhama. Muda si mrefu nasi tukapata lami yetu, kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, lakini biashara haikurudi ilivyokuwa. Mwaka 2016 vita viliifikia Yei, na magari yaliyokuja yakaja na familia, magodoro juu, namba za Sudan Kusini mbele, wenye nayo wakielekea kambi za wakimbizi. Usimwulize mtu kama huyo kibali cha kuingiza gari kwa muda ukadhani unafanya kazi. Wapo waliouliza.

Magari-nyumba ndiyo yamenirudishia raha ya kazi, kwa sababu kila moja ni fumbo. Nakumbuka mume na mke Wajerumani waliokuwa wakienda Aru, upande wa Kongo. Afisa wa Kikongo alipanda ngazi yao, akavua kofia kwa adabu, akatazama kitanda, friji, mtungi wa gesi, baiskeli mbili na rafu ya viungo, akashuka akaniuliza: “Papa, hii ni gari ao ni nyumba?” Wajerumani walicheka. Swali halikuwa la mzaha. Gari linapita kwa karatasi ya gari. Vitu vya nyumbani vina hesabu yake. Nikatoa orodha tuliyoiandaa Arua kwa Kifaransa, nakala mbili, kila kitu na namba yake pale ilipo na namba, sahihi chini. Akaipiga muhuri, akabaki na moja. Orodha ile ndiyo iliyowaokoa waliporudi, kwa sababu baiskeli zilizotoka ndizo zilizoingia, na hakuna aliyeweza kusema zimenunuliwa Kongo.

Katika orodha ya karatasi, kadi za njano ni mbili, watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya mwili wako. Ya pili ni bima ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, iliyotokana na makubaliano ya 1986, nayo ni ya gari: humlipa uliyemgonga. Hakikisha Kongo imetajwa ndani yake. Sudan Kusini haimo COMESA, kwa hiyo ukipita Kaya tafuta bima ya hukohuko.

Ukishavuka, hamia kulia. Wakongo wameendesha kulia tangu enzi za Wabelgiji. Sudan iliendesha kushoto kama sisi hadi Agosti 1973 ilipobadilika, na Sudan Kusini ikarithi kulia. Hatari si dakika ya kwanza, maana hapo kila mtu yuko macho. Hatari ni asubuhi ya pili, unapotoka kambini barabara ikiwa tupu. Saa nazo hubadilika. Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja, na tangu Februari 2021 Sudan Kusini pia. Ukitoka huko kurudi Uganda saa kumi na moja jioni yao, huku tayari ni kumi na mbili, na geti halifuati saa ya mkononi mwako.

Halafu kitabu cha kupitishia gari, ambacho wageni hukiita kanei. Hutolewa na vyama vya waendesha magari, na nyuma yake kuna dhamana ya fedha. Kila ukurasa una vipande vitatu. Cha chini huchanwa ukiingia nchi, cha kati huchanwa ukitoka, cha juu hubaki kitabuni na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Simama pale mezani uone muhuri ukigongwa, usome tarehe, uone na kipande sahihi ndicho kilichochanwa. Karani aliyechoka huchana cha kati mahali pa cha chini, na kukibandika tena ni kazi ya wiki. Mwenye haraka akipita Oraba bila muhuri wa kutoka, kwa mujibu wa kitabu gari lake bado liko Uganda hata kama analiendesha mjini Yei, na chama kilichomdhamini kinaweza kudaiwa ushuru wote. Dawa ni kurudi Oraba. Akishafika mbali mno, amtafute afisa wa forodha au ubalozi huko aliko, alikague gari, asome ile namba ya chasisi, na aandike kwa mkono wake kwamba limesimama mbele yake.